Stelingi Anaogopa Nini

Mjukuu wangu wa kike alipokuja likizo hapa Mwisenge alikuja na mashine ya gemu ndani ya begi, ameiviringisha kwenye kanga kama mtoto mchanga. Hakuomba ruhusa. Akachomoa waya zangu, akachomeka zake, akakaa chini mbele ya runinga na ile pedi ya kuchezea mkononi. Mimi nikabaki kwenye kochi. Runinga ni yangu na kochi ni langu, nimevinunua kwa jasho langu, sikuona kwa nini nihame.

Nikamwuliza, "Wenzako wanakuja saa ngapi?"

"Wenzangu gani, Babu?"

"Wa kuangalia nao."

"Hili ni gemu la mtu mmoja. Nalicheza peke yangu mpaka liishe."

Sikupenda kusikia hivyo. Hadithi ya mtu mmoja ni kama pombe ya mtu mmoja: kunywa utakunywa, lakini utacheka na nani? Nikatazama.

Kwenye kioo cha runinga palikuwa na mwanamke amefunga uso kitambaa, anatembea ndani ya mji ulioungua. Akinyoosha kiganja, vitu vinasimama hewani: jiwe linasimama, risasi inasimama, hata mvua inasimama. Anamtafuta kaka yake aliyeuzwa na jirani. Mjukuu wangu ndiye anayemwendesha. Akikosea kubonyeza, mwanamke anaanguka ghorofani, anakufa.

"Amekufa!" nikasema.

"Anarudi sasa hivi."

Kweli akarudi, amesimama palepale, kitambaa usoni, hana hata vumbi. Akafa tena kwa mbwa. Akarudi. Akafa kwa moto. Akarudi.

"Mke wangu," nikamwambia, maana mjukuu wa kike kwetu ndiyo anaitwa hivyo, "mimi nilifundisha watu maisha yangu yote kwamba stelingi hafi. Wewe umemuua huyu kama kuku wa Krismasi."

Akacheka mpaka pedi ikamponyoka. "Babu, siku hizi hakuna stelingi. Shuleni tunasema mhusika mkuu."

"Mhusika? Amehusika na nini? Polisi ndio wanasemaga mhusika."

"Haya, stelingi basi. Lakini huyu ni tofauti, Babu. Anabadilika. Mwanzo alikuwa na roho mbaya, sasa ngoja uone."

Tukaendelea. Ikafika mahali gemu likasimama lenyewe. Yule jirani aliyeuza mtu yuko ndani ya kisima, ananyoosha mikono. Kwenye kioo kukatokea maneno mawili ya kuchagua: umtoe, au umwache. Mjukuu wangu akanigeukia. "Babu, nifanye nini?"

Nikamjibu, "Kwanza niambie, huyu mama anaogopa nini?"

Akashangaa. "Kwa nini?"

"Kwa sababu bado sijamwamini. Anasimamisha risasi, sawa. Anaogopa nini? Ukijua hilo utajua atamtoa au atamwacha."

Akaweka pedi chini kabisa. "Babu, wewe shule uliishia darasa la nne. Hilo swali umelitoa wapi?"

"Bunda," nikasema. "Kwa fundi cherehani."

Basi nikamsimulia, jirani tukamwacha kwanza kisimani, na sasa naandika, maana baadaye nimegundua kwamba watu wa umri wangu wanakufa na vitu hivi vichwani, halafu watoto wanadhani walianza wao.

Mimi nimezaliwa upande wa Butiama, kwenye nyumba ya udongo, nikachunga ng'ombe wa baba. Darasa la nne lilinitosha. Usinionee huruma, nimewaajiri wenye vyeti. Nikaenda Rukuba, kisiwa cha ziwani, nikavuta kokoro, ule wavu wa kukokota, kwenye kambi za wavuvi, mpaka viganja vikawa kama soli ya kandambili. Nilichopata sikukinywa. Nilirudi bara nikanunua runinga, deki, na jenereta iliyokuwa inakohoa kama mzee wa tumbaku, nikafungua banda la video Bunda, nyuma ya stendi. Kuta tatu za mabanzi, paa la bati, mabenchi ya mbao, turubai mlangoni la kuzuia mwanga na watoto wasiolipa.

Enzi hizo banda la video lilikuwa ndiyo kila kitu. Msimu wa pamba watu wakishauza, Bunda ilikuwa inafurika. Wakulima, wapagazi wa jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, wachunga ng'ombe waliotoka mnadani bado wana fimbo mkononi, wote wanaingia kwangu. Jumapili wanatoka kanisani wanakuja moja kwa moja, na biblia kwapani. Banda linajaa mpaka mtu anakaa juu ya goti la asiyemfahamu. Nikifumba macho nasikia bado harufu ile: jasho, karanga, petroli, na mabati yaliyopata jua. Siku hizi mtu ana simu mkononi, anaangalia sinema yake kitandani amejifunika. Anacheka peke yake kama mgonjwa.

Kanda zilikuwa za Kizungu na Kichina. Hakuna aliyejua Kizungu, na mimi sikujua. Lakini nilikuwa na maiki. Nikasimama pembeni ya runinga, nikaanza kusema. Mtu akifungua mdomo pale kwenye kioo, mimi ndiye ninayesema. Akiwa amekunja uso, namfanya anadai haki ya baba yake. Akitabasamu, namfanya anamdanganya shemeji. Nilitunga. Sioni aibu kusema hivyo, na walioniita mwongo walikuwa wanarudi kesho yake kuja kusikiliza. Wenye mabanda mengine walikuwa na kanda mpya kuliko zangu, lakini hawakuwa na mdomo wangu.

Na sheria ya banda ilikuwa moja, kila mtu anaijua: stelingi hafi. Kuna stelingi, kuna adui, kuna mabosi wadogo wa kupigwa njiani. Stelingi anaweza kupigwa risasi, kutupwa mtoni, kufungwa kwenye reli, lakini hafi. Waliponunua tiketi walinunua hilo. Hasa zile picha za watu wenye nguvu zisizo za kawaida, wanaoruka na kubeba malori, hizo zilipendwa kuliko zote. Nikiweka moja, wachunga ng'ombe walikuwa wanapigia fimbo zao sakafuni, vumbi linapanda mpaka kwenye kioo.

Sasa, ukuta wa nyuma wa banda langu ulikuwa bati moja tu, na upande wa pili wa bati kulikuwa na kibanda cha fundi cherehani. Msichana kutoka Mugeta. Mrefu, mkimya, ana macho ya kupima watu kama vile anataka kuwakata suruali. Yeye hakuwahi kuingia bandani. Alikuwa anashona tu, na anasikia. Picha haoni, anasikia mdomo wangu. Wateja wote wa Bunda walikuwa na kioo cha kuwasaidia. Yeye alikuwa na maneno yangu peke yake.

Nilianza kumjua kwa sauti ya cherehani. Ilikuwa ya miguu. Nikisimulia vibaya inakwenda trrr, trrr, trrr, haina habari na mimi. Nikisimulia vizuri inapunguza mwendo. Kuna siku, mara chache sana, ilisimama. Hakuna makofi yoyote yaliyowahi kunifurahisha kama kile kimya cha nyuma ya bati.

Asubuhi moja nikaenda kibandani kwake na suruali ambayo haikuwa na tatizo.

"Ipunguze," nikasema.

Akaitazama. "Ikipunguzwa hii haitapita gotini." Alikuwa na pini mdomoni, anasemea pembeni. "Na yule stelingi wako wa jana, mwanzo ulisema mama yake ni mgonjwa. Mwisho ameoa, ngoma zinapigwa. Mama alikufa au alipona?"

Nilikuwa nimemsahau yule mama. "Alipona," nikasema.

"Lini? Mimi nilikuwa namngoja."

Hilo neno lilinikaa. Nilikuwa natupa maneno kama mtu anayetupa maganda ya muwa, kumbe kuna mtu nyuma ya bati anayaokota moja moja na kuyatunza.

Kuanzia hapo kila asubuhi nilikuwa na sababu ya kupita. Kifungo kimekatika, mfuko umetoboka. Naye kila asubuhi alikuwa na kesi. Kwa nini adui ni mbaya tu tangu anaamka? Hana hata mama? Amekula nini leo? Nikaona nimjaribu. Jioni ya siku hiyo nikampa adui mama, kikongwe, kipofu, anayemsubiri mwanawe na ugali kwenye sahani. Adui akauawa mwisho. Mchunga ng'ombe mmoja wa mbele akasimama na fimbo yake, machozi yanamtoka, ananigombeza, "We mzee wa maiki, umeniharibia adui wangu! Nimekuja kufurahi akifa, sasa ule ugali nani atakula?" Nikajua nimeweza. Upande wa pili cherehani ilikuwa imepunguza mwendo, lakini haikusimama.

Nilimpenda. Mimi sizungukagi maneno, nikamwambia hivyohivyo, amekaa na kitambaa cha mtu miguuni.

"Nataka nikuoe."

Hakunyanyua kichwa. "Hapana."

"Kwa nini? Nina banda, nina jenereta, silali na njaa."

"Sikujui."

"Hunijui? Unanisikia kila siku ya Mungu."

"Nawasikia mastelingi wako. Na wote ni mtu mmoja. Anaingia anapiga, anatoka anapiga. Mama yake akifa anapiga. Akipenda anapiga. Ukimkata katikati ni chuma mpaka ndani. Na wewe ndiye unawatunga, kwa hiyo wewe ni hivyohivyo." Akanyanyua macho sasa. "Haya, niambie. Wewe unaogopa nini?"

"Mimi? Siogopi kitu."

"Basi nenda katafute. Ukipata, uje. Lakini fanya haraka, pamba ikiisha kuuzwa baba ananitaka nyumbani, na nikienda Mugeta sirudi tena Bunda."

Akakanyaga cherehani. Trrr.

Nilikasirika. Nilikuwa mwanamume aliyetoka kwenye kuchunga mpaka kwenye maiki bila kushikwa mkono na mtu, halafu binti mwenye pini mdomoni ananiambia nikatafute woga, kama vile umeishiwa chumvi, nenda dukani! Lakini pamba ilikuwa inaisha. Malori ya jineri yalikuwa yanapungua kila wiki, na mimi nilikuwa nayaangalia kama mtu anayeangalia mshumaa.

Nikaanza na ujanja. Nikampa stelingi woga wa panya. Watu wakacheka sana. Kesho yake asubuhi fundi akanipokea: "Aliogopa panya saa ya kwanza. Saa ya pili amelala kwenye shimo la takataka usingizi mnono. Panya walihama?" Nikampa mwingine woga wa mama mkwe. Cherehani haikujali. Nikampa mwingine woga wa giza, nikasahau, nikamtuma usiku kwenye pango akaenda anapiga mluzi. Pale ndipo nikajifunza kitu ambacho mjukuu wangu amelipiwa ada ili afundishwe: ukimpa mtu kitu mwanzoni, anakibeba mpaka mwisho. Huwezi kumvisha woga kama kofia na kumvua. Woga ukiwa wake kweli, unabadilisha anavyotembea, anavyojibu, hata njia anayopita kwenda kazini.

Na nilijua kwa nini woga wangu wote ulikuwa wa bandia. Niliutunga kama nilivyotunga kila kitu, na mtu wa nyuma ya bati alikuwa na sikio la kutenganisha.

Jumapili ya karibu na mwisho wa msimu nikapata kanda mpya kutoka Musoma. Sikuwa nimeiangalia kabla. Stelingi ni jamaa mwenye koti refu la njano. Akitanua mikono, anaruka. Hana mbawa, hana injini, anakwenda tu. Banda limejaa, fimbo zinagonga sakafu. Nikaanza kama kawaida yangu, nikampa ubabe, akabeba gari, akavunja ukuta. Nyuma yangu trrr, trrr.

Halafu picha ikafika kwenye daraja. Jamaa amesimama peke yake, mvua inamnyeshea lile koti, anatazama chini mtoni. Hasemi. Hakuna wa kupigana naye. Anatazama maji tu, na waliotengeneza picha hiyo hawakuwa na haraka ya kwenda popote, maana walimwacha pale muda mrefu kweli. Na mimi na maiki mkononi nikaishiwa. Watu wakaanza kugeuka. "Mzee wa maiki, anasemaje?"

Niliyatazama yale maji pamoja naye. Na mdomo wangu ukasema kabla sijaupa ruhusa.

Nikasema, "Anasema, mimi nilikuwa mvuvi."

Wachunga ng'ombe wakalaza fimbo zao.

Nikasema: Anasema, tulikuwa tunatoka kisiwani kuja bara, mchana, jua linawaka, hakuna hata wingu la kulaumu. Mtumbwi ulikuwa na watu na dagaa wakavu kupita kiasi. Upepo ukaja wa pembeni tu, si mkubwa. Mtumbwi ukajigeuza kama mtu anayejigeuza kitandani. Ubao ukanipiga kidevuni. Nilipata dumu tupu nikalikumbatia. Nililikumbatia dumu lile kuliko nilivyowahi kumkumbatia mama yangu. Walituokota wote, hakufa mtu, wenzangu jioni walikuwa wanakula na kutaniana. Mimi sikuweza kucheka. Kesho yake nilipoona ziwa miguu ilikufa. Nikawaambia watu nimechoshwa na harufu ya samaki. Tangu siku hiyo sijaingia tena majini. Anasema, mnaniona naruka, mnadhani ni nguvu. Naruka kwa sababu siwezi kuvuka.

Mtu mmoja nyuma akasema taratibu, "Kumbe anarukaga sababu anaogopa maji."

Na cherehani ilikuwa imesimama. Sikujua imesimama saa ngapi.

Sasa ilibidi nimbebe mtu wangu mpaka mwisho na woga wake, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kuvuta kokoro. Kila alipopaa nilisema anachagua njia ya nchi kavu. Adui alipokimbilia kwenye boti, banda zima likaguna, "Eeeh, amemweza!" Hakuna aliyepiga fimbo. Mwisho kuna mtoto ameanguka ziwani na jamaa anajitupa ndani na koti lake la njano. Kwenye picha ilichukua muda mfupi tu. Lakini nilivyosema miguu yake imekufa na anakwenda na mikono peke yake, watu walisimama juu ya mabenchi. Alipotoka na mtoto, mwanamke mmoja mtu mzima alipiga vigelegele kama harusini. Niliwahi kuwaonyesha watu majengo yakianguka na ndege zikiungua, hawakuwahi kusimama. Walisimama kwa ajili ya mtu mmoja aliyelowa.

Nilipokuwa naondoa kanda, turubai la mlangoni likafunguka. Yule fundi, na uzi umemganda begani. Mara ya kwanza kuingia bandani mwangu. Akatazama boksi la kanda lenye sura ya stelingi.

"Huyu ndiye yeye?"

"Ndiye."

"Mbona ana pua kama bomba?" Alisikitika kweli, kama mtu aliyeletewa mchumba mwingine. "Mimi sikumwona hivi."

"Ulimwonaje?"

"Mfupi. Mweusi. Ana kovu hapa." Akagusa kidevu chake.

Mimi ndiye mfupi, na ni mweusi, na kovu liko hapo hadi leo nikinyoa ndevu nalizunguka.

"Yale maji ni yako," akasema.

"Ni yangu."

Akakunja ule uzi kidoleni. "Peleka mshenga kwa baba. Mwambie asiseme uongo, baba yangu anaulizaga maswali."

Nilimchukua baba yangu mdogo kutoka Butiama. Alikuwa mshenga maarufu, na mdomo wake ulinizidi. Mimi naamini hiki kipaji nilikirithi kwake. Njia nzima ya kwenda Mugeta nilimwambia, "Baba mdogo, usitie chumvi." Akaniambia, "Mwanangu, kazi yako leo ni kukaa kimya. Muoaji hasemi. Kaa kama kigoda."

Na ndivyo desturi ilivyo. Nilikaa nyuma yake kwenye uwanja wa mzee yule, mikono magotini, mimi niliyekula kwa kusema. Mbele yetu mzee, mwembamba, shuka begani, fimbo kavu imelala mapajani. Jikoni nasikia wanawake wananong'ona, na nikajua yuko humo, anasikiliza nyuma ya ukuta kama kawaida yake.

Baba mdogo akaanza. Mungu wangu! Alinitunga. Mimi ni simba, mimi ni mlima, nimeanza bila hata kandambili, sijawahi kushindwa, sijawahi kuumwa kichwa, siku niliyozaliwa mvua ilinyesha. Alikuwa anasimulia stelingi. Yule yule wa chuma mpaka ndani.

Mzee akamwacha amalize. Kisha akauliza, "Ana kasoro gani?"

"Hana," akasema baba mdogo bila kupumua.

"Hata moja?"

"Itafute, mzee wangu. Ukiipata, nichape fimbo mgongo huu."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Mimi ni mtu wa ng'ombe. Nikienda mnadani nikikuta ng'ombe hana kasoro hata moja, pembe sawa, kwato sawa, macho sawa, na bado anauzwa, najua huyo ni wa wizi. Namwacha." Akashika fimbo yake kama anayetaka kusimama. "Chukueni kofia zenu. Nyumbani mtafika jua bado lipo."

Baba mdogo akaanza kutafuta kofia yake. Nikaona pamba imeisha, nikaona kibanda cha nyuma ya bati kimefungwa, nikaona nimebaki na mabenchi na jenereta mpaka kufa kwangu.

"Naogopa maji," nikasema.

Baba mdogo akanigeukia kama nimemtemea mate. Muoaji amesema! Jikoni sufuria ikaanguka.

Mzee hakunitazama kwanza. "Nani amesema?"

"Mimi, baba. Naogopa maji ya ziwa. Mtumbwi ulitugeuka Rukuba. Nikiona ziwa miguu inakufa. Watu nawaambiaga nilichoka na samaki, lakini sikuchoka. Niliogopa."

Akanitazama sasa, kwanza kidevu, baadaye macho. Halafu akageuka taratibu akatazama kwake: uwanja mkavu, mabua ya mtama, vumbi, miiba, mbuzi wanatafuta kitu cha kula na hawakipati.

"Hapa Mugeta," akasema, "hata mvua tunaibembeleza. Unaona ziwa?"

"Sioni, baba."

"Basi hapa utakuwa shujaa."

Jikoni walicheka mpaka wakashikana, na kicheko kimoja nilikijua ingawa sikuwahi kukisikia kabla. Mzee akamwita binti yake aje mlangoni. Akamwuliza mbele yetu, "Huyu mwoga unamjua?" Akasema, "Namjua." Ikawa imekwisha. Mengine ya mahari tuliyazungumza kwa amani. Nilipigwa faini ya mbuzi kwa kusema mahali pasipo zamu yangu, na baba mdogo aliila nyama yake kwa hasira, hakunisemesha mpaka mfupa wa mwisho.

Mzee akaniuliza huo woga niliujuaje mpaka nikautamka kwa wakwe, maana wanaume wengi wanazikwa nao. Nikamwambia habari ya mtu wa koti la njano. Akataka kuisikia yote. Nilipofungua mdomo akaninyamazisha kwa fimbo. "Si sasa. Hadithi za mchana zinapoteza ng'ombe. Ngoja waingie."

Tukangoja. Jua likashuka, ng'ombe wakaja na vumbi lao, mmoja mmoja wakaingia zizini, miiba ikavutwa mlangoni. Binti akaleta maziwa, akakaa chini karibu na ukuta, nje ya ukuta safari hii. Nikaanza. Sikuwa na runinga, sikuwa na maiki. Mzee alikuwa ananisimamisha kila nikipiga hatua. Huyo mtu ni wa ukoo gani? Nani alimtahiri? Baba yake anajua kwamba anaruka? Na mimi nikawa namjibu, na kila nilipojibu, yule mtu wa koti alizidi kuwa mtu, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kumjua.

"Na ng'ombe?" mzee akauliza. "Ng'ombe anao?"

Nikamtazama binti. Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali.

"Anao," nikasema.